Damu ya Bombay na Chembe Zisizoshika Ukuta

Kabla mashine hazijaingia, kundi la damu tulilipanga juu ya kigae cheupe chenye vishimo. Tone la damu kushoto, tone kulia. Juu ya la kwanza unadondosha dawa ya buluu, ile ya kutambua kundi A. Juu ya la pili dawa ya njano, ya kundi B. Unakoroga kwa kijiti, unakiinamisha kigae huku na huku kwa dakika mbili, macho hayabanduki. Damu ikikatika chengachenga, umepata jibu. Isipokatika popote, unaandika O na kumwita anayefuata.

Kazi hiyo nimeifanya sehemu kubwa ya maisha yangu, Tanga na kwingineko, na wengi wetu pale mezani tulikuwa tukipima sukari bila kujua kuwa ni sukari. Dawa ya buluu haitafuti protini wala mafuta. Inatafuta sukari moja iliyokaa kwenye ncha ya mnyororo mfupi wa sukari uliochomoza juu ya utando wa chembe nyekundu. Ya njano inatafuta nyingine inayokaa mahali palepale. Na yule tuliyemwandika O kwa sababu hakuonyesha kitu, naye ana sukari yake, inaitwa fukosi, ambayo ndiyo msingi ambao juu yake A na B hujengwa. Wataalamu wa makundi ya damu huuita msingi huo H.

Fukosi hiyohiyo, ikiwa imefungwa kwa namna nyingine, ndiyo chembe nyeupe huitumia kushika ukuta wa mshipa karibu na mahali penye maambukizi. Bila kushika ukuta hazitoki kwenye damu, na bila kutoka hazipambani na kitu. Vitabu vya kinga ya mwili huanza kusimulia habari hii mwaka 1989, katika maabara za Marekani. Mimi naona vinaanzia katikati. Habari hii ina mizizi kwenye kazi yetu ya mezani, ya kigae na tone, na ina mzizi mwingine kwa watu waliokuwa wakitazama vyura. Makundi haya mawili yalifanya kazi kwa miongo mingi bila kusalimiana.

Tuanze na vyura. Mfaransa Henri Dutrochet aliandika mwaka 1824 kwamba ameziona chembe zikipenya ukuta wa mshipa. Mjerumani Rudolph Wagner, mwaka 1839, akaeleza jinsi chembe nyeupe zinavyobingirika taratibu kandokando ya ukuta huku nyekundu zikipita mbio katikati. Mwingereza Augustus Waller akaziona zikitoka nje kwenye ulimi wa chura, mwaka 1846. Hakuna aliyewajali sana. Chura alipendwa kwa sababu nyepesi: ulimi wake, ngozi ya katikati ya vidole vyake na utando unaoshikilia utumbo wake ni vyembamba kiasi cha kupitisha mwanga wa hadubini, na mnyama mwenyewe anavumilia saa nyingi.

Aliyeulazimisha ulimwengu ukubali ni Julius Cohnheim, Berlin, mwaka 1867. Alikuwa mwanafunzi wa Rudolf Virchow, bwana mkubwa wa patholojia wa zama zile, na Virchow alifundisha kwamba chembe za usaha huzaliwa palepale kwenye nyama iliyoumia. Cohnheim akampooza chura kwa kurare, ile sumu ya mishale ya wenyeji wa Amerika Kusini, akamfungua tumbo, akautandaza utando wa utumbo chini ya hadubini, akakaa kutazama. Hakuhitaji kuweka kichokoo chochote. Hewa yenyewe ilitosha kuutia utando uvimbe. Kwanza mishipa ikapanuka na damu ikaenda kasi. Kisha ikapoa mwendo. Katika vena ndogo, wala si katika ateri, chembe nyeupe zikaanza kusogea pembeni, zikabingirika, zikasimama, hadi ukuta wote wa ndani ukawa umetandikwa chembe nyeupe. Baada ya muda, upande wa nje wa ukuta, kikajitokeza kinundu kidogo kisicho na rangi. Kikakua. Kikabaki kimeshikiliwa na kikonyo chembamba tu, halafu kikonyo kikaachia. Chembe ilikuwa imetoka nzima.

Ili kuzima ubishi, Cohnheim alimdunga chura mwingine rangi ya buluu ya anilini. Chembe nyeupe zikaimeza. Kisha akaichokoza konea ya jicho, sehemu isiyo na mishipa ya damu, akangoja. Chembe zenye buluu zikaonekana mle. Hazikuzaliwa kwenye jicho, zilisafiri. Mwanafunzi alimpinga mwalimu wake kwa kumwonyesha rangi, na hiyo ndiyo namna ya kubishana ninayoiheshimu.

Cohnheim alisema pia jambo ambalo halikusikika vizuri: kwamba kilichobadilika ni ukuta wa mshipa. Kuna kitu kimeupata ukuta, ndiyo maana chembe zinanata hapo na si mahali pengine. Kitu gani? Hakuwa na chombo cha kukipima. Alifariki mwaka 1884 bila jibu. Miaka miwili kabla yake, kule Messina, Elie Metchnikoff alichoma miiba kwenye viluwiluwi vya kiti cha pweza, akaona chembe zikiuzingira mwiba, na kuanzia hapo macho ya watu yakahamia kwenye kumeza na kula vijidudu. Swali la kunata likawekwa kando. Metchnikoff alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1908 pamoja na Paul Ehrlich, na sina ubishi nayo, ila mlaji asiyefika mezani hali.

Sisi watu wa maabara tulikuwa na ushahidi wa kunata kila siku, mikononi mwetu. Chembe nyeupe tulizihesabu kwa maji ya Turk, yaani asidi ya siki yenye rangi kidogo ya zambarau. Asidi inavunja chembe nyekundu, rangi inaonyesha viini vya nyeupe. Unachanganya sehemu moja ya damu na kumi na tisa za maji, unajaza kioo cha Neubauer, unahesabu miraba minne ya pembeni, unazidisha kwa 50. Mtu mzima mwenye afya anapata kati ya 4,000 na 11,000 kwa kila mikrolita. Lakini mzee aliyetufundisha kazi alikuwa mkali kwa jambo moja: usimtoe damu ya kuhesabu mtoto aliyepigana na mama yake kwa robo saa. Mwache anyamaze, anyonye, ndipo uchukue. Mtoto aliyelia sana hesabu yake hupanda, na daktari kijana anaweza kumwandikia dawa ya maambukizi yasiyokuwapo.

Sababu yake ni kwamba karibu nusu ya zile chembe nyeupe zinazoitwa nyutrofili hazisafiri na damu inayokwenda mbio. Zimeegemea kuta. Sindano yako haizichukui. Mtu akilia, akikimbia au akishtuka, adrenalini humwagika, chembe zikaachia ukuta na kuingia kwenye mkondo, nawe unazihesabu kana kwamba zimezaliwa sasa hivi. Dawa za jamii ya kotisoni hufanya vivyo hivyo. Fundi yeyote wa maabara aliyewahi kurudia kipimo cha mtoto baada ya mtoto kulala ameiona kazi ya Cohnheim kwa namba, bila chura.

Mzizi wa pili unaanzia Dorpat, mji unaoitwa leo Tartu, nchini Estonia. Mwaka 1888 mwanafunzi wa udaktari, Hermann Stillmark, aliwasilisha tasnifu yake kuhusu sumu ya mbegu za mnyonyo. Mnyonyo kwetu unaota hata nyuma ya choo. Mafuta yake tunapaka nywele, na mbegu zake kila mama anawakataza watoto. Stillmark alichanganya dondoo la mbegu hizo na damu, chembe nyekundu zikashikana madonge. Hakuna mshipa, hakuna kidonda, ni kioo na tone tu. Hakujua kwamba kilichokuwa kikishikana ni sukari za juu ya chembe, zinazoshikwa na protini ya mmea. Protini za namna hiyo, zenye kazi ya kushika sukari fulani na kuiacha nyingine, siku hizi huitwa lektini. Neno hilo alilitoa William Boyd wa Boston mwaka 1954, baada ya kukuta kwamba aina fulani za maharage zinaweza kutofautisha kundi A na B kama ifanyavyo dawa ya buluu.

Karl Landsteiner alichapisha makundi ya damu mwaka 1901 kutoka Vienna, baada ya kuchanganya damu yake na ya wenzake wa maabara. Hilo kila mtu analijua. Lililo muhimu zaidi kwa habari yetu lilitokea London, katika Taasisi ya Lister, kwa Walter Morgan na Winifred Watkins. Watkins aliingia pale kijana, Vita vya Pili vya Dunia vikiwa bado vinaendelea, na akaja kuwa mmoja wa wanakemia wakubwa wa Uingereza. Swali lao lilikuwa jepesi kulitamka: chembe ya kundi A ina nini ambacho ya kundi O haina?

Njia waliyoitumia ni ya mtu wa mezani kabisa. Damu ya samaki mkunga ina kitu kinachozishikanisha chembe za kundi O. Watkins na Morgan walichukua maji ya damu ya mkunga, wakayagawa kwenye mirija, na kila mrija wakautia sukari moja safi: huu glukosi, huu galaktosi, huu manosi. Kisha wakaongeza chembe za kundi O na kutazama. Katika mirija mingi chembe zilishikana kama kawaida. Katika mrija wa fukosi hazikushikana. Sukari ile ilikuwa imekwisha kuziba mahali ambapo dawa ya mkunga ingeshikia chembe. Kwa hiyo kinachotafutwa na mkunga juu ya chembe ya O ni fukosi. Waliyachapisha hayo katika jarida la Nature mwaka 1952. Kwa njia kama hiyo ikaja kujulikana kwamba alama ya A ni N-asetili-galaktosamini na ya B ni galaktosi.

Fukosi si sukari ya chai. Hupatikana kwa wingi kwenye mwani wa kahawia wa bahari za baridi. Mwani unaolimwa Paje na Jambiani ni wa jamii nyingine, mwekundu, na sukari zake ni nyingine. Nalisema hili kwa sababu nimeulizwa na watu wa Unguja.

Mwaka huohuo wa 1952, jarida la Lancet lilichapisha makala fupi iliyotoka Bombay. Daktari Y. M. Bhende na wenzake walikuwa wamekutana na watu ambao kwenye kigae walionekana kundi O, hawakatiki kwa buluu wala kwa njano. Lakini maji ya damu yao yalizishikanisha chembe za A, za B, na za O pia. Mtu wa O hawezi kukataa damu ya O. Sampuli zilisafirishwa London, na Morgan na Watkins, pamoja na Ruth Sanger na Robert Race, wametajwa kati ya waandishi wa makala ile. Watu hawa hawakuwa na H. Ule msingi wenyewe, fukosi juu ya galaktosi, haukuwekwa. Kwao damu ya kila mtu, hata ya O inayopewa kila mgonjwa wa dharura, ni ya kigeni na inaweza kuwaua. Wakaitwa watu wa damu ya Bombay, na India hukadiriwa kuwa mmoja kati ya watu 10,000.

Pwani yetu ina jamaa ambao babu zao walishuka kwenye majahazi kutoka Kachi, Gujarati na Bombay. Mtu wa maabara wa Mombasa, Zanzibar au Tanga hana haki ya kusema damu hii ni ya huko. Kigae peke yake hakiwezi kumtambua mtu wa Bombay. Anayemtambua ni yule anayepima pia maji ya damu dhidi ya chembe za O, na anayefanya krosimachi, yaani kuchanganya damu ya mtoaji na maji ya damu ya mgonjwa kabla ya kumwongezea, hadi mwisho.

Na mtu wa damu ya Bombay, asipohitaji kuongezewa damu, anaishi vizuri. Halegei, haugui ovyo, vidonda vyake vinatunga usaha kama vya wengine. Likumbuke hilo, maana nitalirudia.

Turudi kwa chembe nyeupe. Miaka ya 1950 kule Oxford, James Gowans alikuwa akimwaga limfu ya panya. Aliingiza mrija mwembamba kwenye njia kuu ya limfu kifuani, akakusanya chembe nyeupe zinazoitwa limfosaiti, na akaona kwamba akiendelea kuzitoa, kwenye damu zinapungua; akizirudisha, zinajaa tena. Akathibitisha kwamba zinazunguka: damu, tezi za limfu, limfu, damu tena. Mlango wa kuingilia kwenye tezi ni vena fulani zenye kuta nene. Kwa nini hapo tu?

Mwaka 1964 Bertram Gesner na Victor Ginsburg walifanya jaribio ambalo mimi nalihesabu kuwa ndilo daraja. Walichukua limfosaiti za panya, wakaziosha kwa vimeng'enya vilivyotoka kwa bakteria wa gangrini ya gesi, vimeng'enya vinavyokata sukari kutoka juu ya chembe. Wakazirudisha mwilini. Chembe hazikufa, lakini zilipotea njia: zilikwenda kujazana kwenye ini. Fukosi ikawa miongoni mwa sukari walizozitaja. Kwa mara ya kwanza mtu wa chembe nyeupe alikuwa ameshika kifaa cha mtu wa makundi ya damu. Baadaye ikajulikana kwamba kwenye tezi mambo yako kinyume kidogo: mkono unaoshika uko kwenye limfosaiti, na sukari inayoshikwa iko kwenye ukuta wa vena. Ila kwamba ni sukari, hilo walilipatia miaka 25 kabla ya vitabu kuanza kuhesabu.

Kisha Brooklyn, mwaka 1976. Hugh Stamper na Judith Woodruff waligandisha tezi za panya, wakakata vipande vyembamba, wakaviweka kwenye vioo na kuvimwagia limfosaiti hai katika ubaridi huku kioo kikitikiswa taratibu. Walipoosha na kutazama, chembe zilikuwa zimejipanga kwenye zile vena nene na si pengine. Jaribio hili lingeweza kufanywa na fundi yeyote mwenye friji nzuri na subira. Mwaka 1983 Lloyd Stoolman na Steven Rosen, San Francisco, walilitumia kwa mtindo uleule wa mirija ya mkunga: waliongeza sukari moja baada ya nyingine ili waone ipi inazuia. Manosi yenye fosfeti ilizuia. Fukoidani, mnyororo wa fukosi wa ule mwani wa kahawia, ilizuia vikali. Na kunata kwenyewe kulihitaji kalisiamu. Kile kichupa cha kofia ya zambarau tunachochukulia damu ya kuhesabu kina EDTA, kazi yake ni kuiteka kalisiamu ili damu isigande. Humo ndani, kumbe, tunazinyang'anya pia chembe nyeupe uwezo wa kushika sukari.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi, nayapita haraka. Mwaka 1989 maabara kadhaa zilisoma jeni za protini tatu: moja iko juu ya chembe nyeupe, moja hutokeza kwenye ukuta wa mshipa uliovimba baada ya saa chache, na moja hukaa akiba ndani ya chembe sahani na ndani ya chembe za ukuta, tayari kupanda juu kwa dakika. Zilipowekwa pamoja zilifanana, na kila moja kwenye ncha yake ilikuwa na umbo la lektini. Zikaitwa selektini. Kile ambacho Cohnheim alisema kimeupata ukuta kilikuwa hiki. Mwaka 1990 makundi kadhaa, likiwamo la John Lowe wa Michigan, yalionyesha sukari inayoshikwa: mnyororo wa sukari nne, asidi ya sialiki, galaktosi, N-asetili-glukosamini na fukosi ikiwa imening'inia pembeni. Jina lake ni sialili Lewis x, na Lewis ni jina la mgonjwa ambaye kundi jingine la damu lilitambuliwa kupitia kwake mwaka 1946. Watu wa vyura walikuwa wamefika kwenye kabati la watu wa kigae.

Mwaka 1991 Michael Lawrence na Timothy Springer, Boston, walitengeneza mfereji mdogo wa kioo, wakaupaka selektini, wakapitisha nyutrofili kwa kasi ya damu. Zilibingirika kama zile za Wagner. Walipoupaka protini nyingine ya ukuta, ile inayoshikwa na integrini, protini za kushikia zilizo juu ya chembe nyeupe, na mkondo ukiwa mkali, chembe zilipita tu. Walipoziweka zote mbili na kuziamsha chembe kwa kemikali ya uvimbe, zilibingirika kisha zikasimama kabisa. Kushika kwa sukari hakusimamishi chembe, kunaipunguza mwendo. Ni kama mtu anayeteremka mlima mkali kwa kushika nyasi: anashika, nyasi inang'oka, anashika nyingine, na ndiyo maana anafika chini mzima. Kusimama ni kazi ya integrini.

Integrini zilikuwa na ugonjwa wake tangu mapema. Watoto wachache waliozaliwa bila sehemu moja ya integrini walijulikana miaka ya 1980: kitovu kinachelewa kudondoka kwa wiki kadhaa, chembe nyeupe ni nyingi mno kwenye damu, vidonda haviponi na havitungi usaha. Je, yuko mtoto aliyekosa sukari?

Jibu lilitoka Haifa mwaka 1992. Amos Etzioni na wenzake waliandika habari za watoto wawili wa familia za Kiarabu zisizo na undugu. Walikuwa wafupi, akili zao zimechelewa sana kukua, wanapata maambukizi makali mara kwa mara, nimonia, sikio, ngozi. Hesabu ya chembe nyeupe ilikuwa mara kadhaa ya kawaida. Penye maambukizi hapakuwa na usaha. Integrini zao zilikuwa nzima. Na walipopangwa kundi la damu, walikuwa Bombay.

Hapo ndipo fundi wa kigae alipomwambia mtaalamu wa kinga ya mwili mahali pa kutazama. Nilisema mtu wa damu ya Bombay hana shida na usaha. Fukosi yake inakosekana mahali pamoja tu, kwenye H, kwa sababu vimeng'enya vya kuiweka hapo havifanyi kazi. Vile vinavyoiweka kwenye sialili Lewis x ni vingine, navyo ni vizima. Watoto wa Haifa walikosa zote mbili. Kwa hiyo hitilafu haikuwa kwenye kimeng'enya kimoja. Fukosi yenyewe ilikuwa haifiki popote. Nyutrofili zao zilipowekwa penye selektini hazikushika. Kwenye mishipa zilikuwa zinapita mbio pamoja na nyekundu, nyingi na bure.

Mwaka 1999 madaktari wa Münster, Ujerumani, walimpa mtoto mwenye asili ya Uturuki, mgonjwa wa hali hiyohiyo, fukosi ya kunywa. Sialili Lewis x ikatokea juu ya chembe zake, hesabu ikashuka, maambukizi yakakoma. Akili haikurudi kuwa ya kawaida. Watoto wa Haifa walipojaribiwa hawakufaidika vile. Mwaka 2001 jeni ilipatikana: ni ya mchukuzi anayeiingiza fukosi kwenye karakana ya chembe, mle sukari zinamopachikwa. Mchukuzi wa mtoto wa Münster alikuwa dhaifu, na mzigo ukiwa mwingi anajikongoja. Wa Haifa walikuwa na kasoro tofauti kwenye jeni hiyohiyo.

Kuna tawi moja la habari hii linalotugusa zaidi. Mgonjwa wa selimundu anapopata maumivu makali, si chembe nyekundu zilizopinda peke yake zinazoziba mshipa. Chembe nyeupe na chembe sahani zinanata kwenye ukuta kwa selektini, na nyekundu zinakwama juu yake. Dawa ya kuziba selektini moja, krizanlizumabu, iliidhinishwa Marekani Novemba 2019 baada ya utafiti wa 2017 kuonyesha mishtuko ya maumivu ikishuka kutoka kama mitatu kwa mwaka hadi chini ya miwili. Utafiti uliofuata haukuonyesha faida kuliko dawa bandia, na Umoja wa Ulaya ukaondoa kibali chake mwaka 2023. Tanzania, Uganda na Kongo zina wagonjwa wengi wa selimundu kuliko nchi zilizokuwa zikibishana juu ya dawa hiyo. Haidroksiyurea, dawa ya zamani na ya bei nafuu zaidi, ndiyo bado ya kutegemewa, na inafaa ipatikane hadi wilayani.

Sasa neno kwa vijana wa maabara. Kigae kimekwenda, mmepata kadi na mashine, na mashine hupanga vizuri. Lakini damu ya Bombay na damu ya mtoto wa Haifa zote zitaonekana O kwa anayesoma upande mmoja tu. Pimeni pande zote mbili, chembe na maji yake, na chembe za O ziwe humo. Msiruke krosimachi hata wodi ikipiga kelele. Na siku mkipata mtoto mwenye chembe nyeupe nyingi kupita kiasi, anayeugua mfululizo na vidonda vyake havina usaha, msimpe daktari hesabu tu. Mwandikieni na kundi la damu, lililopimwa hadi H.